Likizo ya Visiwani kwa Mwenye Ikama: Safari Ianzie Mlango wa Kurudi

Katika mitaa ya Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Majengo na kuvuka hadi Likoni, ni vigumu kuipata familia isiyo na mtu wake Ghuba au Ulaya. Kuna aliyeko Dubai, kuna aliyeko Jeddah, kuna aliyeolewa Ujerumani, na wote hukutana nyumbani mara moja kwa mwaka au miaka miwili, mara nyingi kwa harusi au kwa maziko. Siku hizi limezuka wazo jingine ambalo naliunga mkono kwa moyo wote: badala ya kila likizo kumalizikia sebuleni kwa kupokea wageni na kugawa zawadi, familia ikutane kwa siku tano au sita kisiwani, mahali ambapo mama hataitwa jikoni na mgeni wa ghafla hatabisha hodi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya familia ya namna hiyo, yenye pasipoti za Kenya na vibali vya ukaazi vya nchi mbalimbali, inayotaka kwenda kisiwa cha joto bila kupanga foleni ya viza ubalozini.

Kabla ya hatua yoyote naomba msomaji azingatie jambo moja, kwa sababu mengine yote yanatokana nalo. Wengi wetu huanza kupanga kwa kuuliza ni kisiwa gani kinachotuingiza bila viza, ilhali swali linalostahili kutangulia ni namna kila mmoja atakavyorudi anakoishi. Visiwa vya Bahari ya Hindi ni wakarimu mno kwa pasipoti ya Kenya, na ni nadra safari kuharibikia kwenye mlango wa kisiwa. Safari huharibika kwenye kaunta ya shirika la ndege, pale mtumishi anapotaka kuona ikama, yaani kibali cha ukaazi cha nchi za Ghuba, iliyo hai na kuikosa, au huharibika wiki mbili baadaye, mtu anapogundua kwamba ruhusa yake ya kurudi kazini ilikwisha alipokuwa akiogelea.

Hatua ya kwanza: kagua kibali cha kila mmoja

Mpe mtu mmoja katika familia kazi ya kuandika kwenye karatasi jina la kila msafiri, nchi anayoishi, tarehe ya kuisha kibali chake, na sharti la nchi hiyo kuhusu kukaa nje. Kazi hii huchukua jioni moja, nayo huokoa pesa nyingi kuliko punguzo lolote la nauli.

Mwenye ikama ya Falme za Kiarabu asikae nje ya nchi hiyo kwa zaidi ya miezi sita mfululizo, maana ukaazi wake hufutika. Kwa likizo ya wiki moja hilo si tatizo, lakini kwa mama aliyekuja kujifungulia Mombasa na sasa anataka kupitia kisiwani akirudi, siku hizo zihesabiwe tangu alipotoka Dubai wala si tangu alipopanda ndege ya kisiwani. Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 2022 stika ya ukaazi haibandikwi tena ndani ya pasipoti za wakaazi wa Emirates. Kitambulisho cha Emirates ndicho ushahidi, na aliyekisahau kabatini huko Sharjah hana cha kuonyesha Mombasa isipokuwa nakala aliyoichapisha mapema.

Saudi Arabia ndiko kwenye mtego mkubwa, na hapa naomba tuchukue muda. Mfanyakazi wa Saudia hatoki na kurudi kwa ikama peke yake, bali anahitaji hati ya khuruj wa auda, yaani ruhusa ya kutoka na kurudi, ambayo hutolewa kupitia mfumo wa Absher. Ruhusa ya safari moja hulipiwa riyali 200 kwa miezi miwili ya kwanza na riyali 100 kwa kila mwezi unaoongezwa, na ile ya safari nyingi hulipiwa riyali 500 kwa miezi mitatu. Sasa fikiria dada aliyeko Jeddah anayetaka kukutana na wenzake Shelisheli na pia kumwona mama Mombasa. Akitoka Jeddah kwenda Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, akaja Mombasa, kisha akarudi Jeddah, ametoka mara moja tu na ruhusa ya safari moja inamtosha. Lakini akienda Mahé, akarudi Jeddah, kisha mwezi ujao akaja Mombasa, hizo ni safari mbili, na ruhusa yake ya kwanza imekwisha kazi pale alipogusa ardhi ya Jeddah. Watu wameachwa kwenye viwanja vya ndege kwa kutojua tofauti hii ndogo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mkaazi wa Saudia ni mmoja: kisiwa kiambatanishwe na safari ya nyumbani, kisiwe safari ya peke yake, na ruhusa iombwe kwa siku nyingi kuliko zile zinazohitajika ili ndege ikiahirishwa pawe na nafasi ya kupumua. Hakikisha pia kwamba hati iliyochapishwa inasema kutoka na kurudi, wala si khuruj nihai, ambayo ni kutoka moja kwa moja.

Walio Ujerumani hupoteza kibali cha kawaida wakikaa nje zaidi ya miezi sita, jambo ambalo likizo haliligusi. Walio Uingereza wana suala jingine. Kadi zao za plastiki za ukaazi ziliwekewa mwisho wa tarehe 31 Desemba 2024, na sasa hadhi yao iko mtandaoni, katika akaunti iliyounganishwa na namba ya pasipoti. Aliyepata pasipoti mpya asipoiingiza katika akaunti hiyo kabla ya kusafiri, mtumishi wa kaunta huko Mahé au Malé, mji mkuu wa Maldivi, ataangalia na asione kitu. Jambo hili hurekebishwa ukiwa umetulia nyumbani, si ukiwa na mizigo mkononi na watoto wanaolia.

Hatua ya pili: pasipoti na majina

Pasipoti ya kila msafiri iwe na uhai wa angalau miezi sita tangu siku ya kurudi, na kurasa mbili tupu. Nchi nyingine hudai muda mfupi zaidi, na Maldivi kwa mfano hutaka mwezi mmoja, lakini mashirika ya ndege na nchi za kupitia yana hesabu zao, kwa hiyo miezi sita ndiyo salama. Anayehitaji pasipoti mpya aanze eCitizen, kisha apange siku ya alama za vidole katika ofisi ya uhamiaji iliyoko jengo la Uhuru na Kazi, na asilipie tiketi yoyote kabla ya kuishika pasipoti mkononi.

Sisi watu wa Pwani tuna tatizo letu la majina, nalo halitajwi katika miongozo ya watu wengine. Pasipoti ya Kenya huandika Swaleh, ikama ikaandikwa kwa Kiarabu, kisha Kiarabu hicho kikarudishwa katika herufi za Kilatini kikawa Saleh. Mwanakombo akawa jina ambalo hata yeye mwenyewe halitambui. Tiketi lazima ifuate pasipoti, herufi kwa herufi, na ikama ikitofautiana usiihangaikie sana, mradi namba ya pasipoti iliyomo ndani yake ni ile ile. Ikiwa ikama ilitolewa kwa pasipoti ya zamani, beba zote mbili, ya zamani na mpya. Wenye majina manne wachunguze kwamba tiketi imebeba jina la kwanza na la ukoo kama yalivyo katika mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wa picha, ile yenye alama nyingi za mishale, kwa sababu hiyo ndiyo inayosomwa na mashine.

Hatua ya tatu: chagua kisiwa

Hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili. Kuna visiwa vinavyokufungukia kwa sababu ya pasipoti yako, na kuna visiwa vinavyokufungukia kwa sababu ya kibali chako. Familia iliyotawanyika ni afadhali ichague kisiwa cha kundi la kwanza, kwa kuwa hapo wote ni sawa, aliye na ikama ya Doha na asiye na ikama kabisa.

Shelisheli haitozi viza, na sera yake ni kuwapokea wageni bila kuangalia uraia. Kinachotakiwa ni idhini ya safari inayoombwa mtandaoni kabla ya kuondoka, kwa ada, ikiambatana na tiketi ya kurudi, uthibitisho wa malazi na pesa za kutosha. Mgeni hupewa kibali cha kutembelea kwa muda wa ziara yake, hadi miezi mitatu kwa mara ya kwanza. Malazi lazima yawe ya biashara iliyosajiliwa, hivyo anayefikia kwa jamaa aulizie taratibu zake mapema.

Maldivi hutoa viza ya bure ya siku 30 ukishafika, kwa masharti ya tiketi ya kurudi, malazi yaliyothibitishwa na pesa za matumizi, na kila msafiri, hata mtoto mchanga, hujaziwa fomu ya mtandaoni iitwayo IMUGA ndani ya saa 96 kabla ya safari. Fomu ni ya bure. Tovuti yoyote inayokudai pesa kwa ajili yake si ya serikali, na watu wengi wameingia katika mtego huo. Kwa familia za Kiislamu za Mombasa, naona Maldivi ndiko kunakofaa zaidi kuliko kote. Katika visiwa wanamoishi wenyeji chakula ni halali bila kuuliza, adhana inasikika, na mavazi ya heshima ndiyo desturi, ufuko wa watalii ukiwa umetengwa peke yake. Msikiti Mkuu wa Ijumaa wa zamani mjini Malé, uliokamilishwa katika karne ya 17, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, na mtu aliyekulia Mji wa Kale akiuona hataona ugeni. Ibn Battuta, aliyelala usiku mmoja hapa Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa, alikuja kuwa kadhi huko Maldivi katika miaka ya 1340. Njia hii si mpya kwetu.

Morisi nayo humpokea Mkenya bila viza kwa utalii, kwa kujaza fomu ya kidijitali kabla ya kufika. Ina milima na barabara nzuri, na inawafaa wanaochoka na ufuko baada ya siku mbili. Tahadhari ni moja: kisiwa cha jirani cha Réunion, kilicho umbali wa kilomita zipatazo mia mbili, ni Ufaransa, na Mkenya huhitaji viza kukifikia.

Zanzibar sitaieleza kwa urefu. Mkenya huingia bila viza kwa pasipoti yake, anaweza kupita Lunga Lunga hadi Tanga na Dar es Salaam kisha akapanda boti, na atapita uhamiaji tena bandarini Zanzibar hata kama ameshagongewa muhuri mpakani Horohoro. Shida huja kwa mwenza asiye Mwafrika Mashariki. Dada aliyeolewa Ujerumani ataingia bila viza, lakini mumewe Mjerumani atalipa viza ya Tanzania, ambayo kwa kawaida ni dola 50, na bima ya lazima ya Zanzibar iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024 kwa dola 44. Hata mgeni anayeishi Mombasa kwa kibali cha kazi cha Kenya hapati nafuu, kwa kuwa kibali cha Kenya hakivuki mpaka wa Tanzania.

Komoro na Bukini (Madagaska) hutoza viza mlangoni, hivyo ziko nje ya mwongozo huu, ingawa Komoro ni karibu nasi kwa damu kuliko kisiwa kingine chochote kati ya hivi.

Sasa tuje kwenye visiwa vinavyofunguliwa na kibali. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi yoyote ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, anaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, na hiyo inajumuisha visiwa vya Kanari vya Uhispania na Madeira ya Ureno, ambavyo viko baharini mkabala na Morocco na vina joto la kupendeza hata Januari. Hivi si visiwa vya minazi kama vyetu, lakini kwa anayeishi Hamburg na ana siku saba tu ni jawabu zuri. Asichanganyikiwe na Guadeloupe, Martinique na Réunion: hizo ni ardhi za Ufaransa lakini haziko ndani ya Schengen, na kibali cha Ujerumani au Uholanzi si tiketi ya kuziingia. Kwa jamaa walioko Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen, Jamhuri ya Dominika huwapokea watalii wenye ukaazi halali wa nchi hizo bila viza, kwa kujaza fomu yake ya mtandaoni. Lakini familia inayokusanyika kutoka Mombasa haitafika huko bila nauli ya kuumiza.

Hatua ya nne: fuata pepo

Wazee wetu walisafiri kwa kusi na kaskazi, na mpaka leo pepo hizo ndizo zinazoamua kama likizo itakuwa ya jua au ya kukaa dirishani. Tofauti ni kwamba upepo mmoja huleta hali mbalimbali katika visiwa mbalimbali.

Maldivi hupendeza wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Aprili, anga ikiwa safi na bahari shwari. Kusi huko huleta mvua, bei zikashuka, na kwa asiyejali kunyeshewa ni nafasi nzuri. Morisi ni kinyume chake: miezi ya kusi ni ya ubaridi mwepesi na ukavu, na miezi ya Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga, hivyo likizo ya shule ya Agosti inafaa huko kuliko ile ya Desemba. Shelisheli iko karibu na ikweta na sehemu kubwa ya visiwa vyake haifikiwi na vimbunga, lakini kusi huchafua bahari na kujaza mwani fukwe za kusini mashariki. Wakati wake bora ni tangambili, pepo zinapobadilishana zamu, yaani karibu na Aprili na Oktoba, maji yanapotulia mpaka ukauona mchanga chini ya boti.

Oanisha hayo na kalenda ya shule za Kenya, likizo za kazini Ghuba, na mwezi wa Ramadhani. Ni nadra vyote kukubaliana, na hapo familia iamue kinachotangulia. Mimi ningetanguliza likizo ya watoto, kwa sababu mtu mzima anaweza kuomba ruhusa.

Hatua ya tano: chanjo ya homa ya manjano

Hatua hii naiandika kwa uchungu kidogo. Mwaka tuliopanga kwenda Mahé, kila karatasi ilikuwa sawa, na kadi ya njano ya mama ilikuwa mpya kabisa. Kwenye kaunta, kijana aliyetuhudumia aliifungua, akaweka ncha ya kalamu kwenye safu inayoonyesha tarehe ya kuanza kutumika, akahesabu siku kwa sauti ya chini, kisha akahesabu tena. Mama alikuwa amechanjwa siku sita kabla. Cheti huanza kutumika siku ya kumi. Kijana hakuwa na ubaya wowote, alifuata kanuni, nasi tulimrudisha mama nyumbani na buibui lake jipya, tukalipa gharama ya kusogeza tiketi yake na ya dada aliyebaki naye, na siku nne za likizo zikapotea bila wao. Mama hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Shelisheli, Maldivi, Morisi na Tanzania zote hudai cheti kwa anayetoka Kenya, na Saudia hukidai pia kwa anayerudi kutoka huku. Kwa hiyo jamaa wa Dubai anayeruka moja kwa moja hadi Malé hakihitaji, lakini yule anayepitia Mombasa kwanza kumsalimia bibi anakihitaji kama sisi. Chanjo ichomwe angalau wiki tatu kabla, katika kituo kinachotoa kadi yenye muhuri unaotambulika kimataifa, na ofisi ya afya ya bandari itakuelekeza ukikosa pa kuanzia. Hakikisha jina na namba ya pasipoti vimeandikwa sawasawa, na kwamba mwenye kadi ameweka sahihi yake. Tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi. Waliofikisha miaka 60, wajawazito, na watoto wa chini ya miezi tisa wamwone daktari kwanza, ambaye akiona chanjo haifai anaweza kuandika barua rasmi ya msamaha.

Hatua ya sita: tiketi, malazi na gharama zinazojificha

Kutoka Mombasa, njia za kawaida ni kupitia Nairobi, Addis Ababa au Dubai. Nunua safari nzima katika tiketi moja. Mwenye tiketi mbili zisizounganishwa huenda akalazimika kuchukua mizigo na kuingia nchi ya kupitia, na hapo viza aliyoikwepa kisiwani inamkuta njiani. Panga pia wote wafike kisiwani siku moja, wa Ghuba asubuhi na wa Mombasa mchana, ili boti ya kuwachukua iwe moja.

Saa ya kufika ina uzito mkubwa Maldivi. Ndege za majini huruka mchana pekee, kwa hiyo anayetua jioni atalala karibu na uwanja wa ndege kwa gharama yake mwenyewe. Anayetaka bei nafuu achague nyumba za wageni katika kisiwa cha wenyeji kama Maafushi, ambako boti ya umma kutoka Malé huchukua kama saa moja na nusu, na ajue kwamba Ijumaa boti hizo huwa hazifanyi safari.

Kisha kuna kodi ambazo hazionekani kwenye bei ya kwanza. Tangu tarehe 1 Januari 2025, kodi ya kijani ya Maldivi ni dola 12 kwa mtu kwa usiku katika hoteli kubwa, na dola 6 katika nyumba ndogo za wageni. Watu wanne kwa usiku tano katika nyumba ndogo ni dola 120, kiasi cha kutosha kumlipia mtu mmoja safari ya kuzamia. Shelisheli hutoza ushuru wa mazingira tangu Agosti 2023, kuanzia rupia 25 hadi rupia 100 kwa mtu kwa usiku kulingana na ukubwa wa malazi, kwa hiyo watu wazima wanne katika nyumba ndogo kwa usiku tano watalipa rupia 500. Uliza waziwazi kama bei uliyopewa imejumuisha ushuru huo, pamoja na nauli ya boti ya kwenda na kurudi, kwani boti ya visiwani huweza kugharimu kuliko usiku mzima wa malazi.

Wageni wanaoishi Mombasa

Majirani zetu wengi ni Wayemeni, Wahindi na Wazungu wanaoishi Mombasa kwa vibali vya Kenya, na nao huuliza. Shelisheli na Maldivi zinawafaa kwa sababu haziwagawi wageni kwa pasipoti kama nchi nyingine zinavyofanya. Jambo la kuangalia ni kurudi Kenya: mwenye kibali halali cha kazi au cha ukaazi hahitaji idhini ya safari ya kielektroniki iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024, lakini lazima aonyeshe kibali hicho kwenye kaunta ya ndege huko kisiwani, ambako mtumishi huenda hajawahi kukiona. Abebe karatasi yenyewe pamoja na kitambulisho cha mgeni. Ambaye kibali chake kiko njiani kuhuishwa asitoke mpaka kitoke.

Siku ya kuondoka

Tengeneza bahasha moja kwa kila mtu, na ndani yake upange karatasi kwa mfuatano wa kaunta zitakavyoziuliza: pasipoti, kadi ya njano, ikama au kibali, ruhusa ya kurudi kwa walio Saudia, idhini au fomu ya kisiwa, tiketi ya kurudi, na malazi. Chapisha kila kitu, kwa sababu simu huzimika na mtandao wa uwanjani hukatika. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili, na mtoto ambaye ukaazi wake unamtegemea baba aandamane na nakala ya ikama ya baba.

Mizigo ikaguliwe nyumbani, na anayefungiwa mzigo na jamaa aufungue autazame. Miraa na muguka visiingie katika begi la mtu yeyote, hata kwa ajili ya safari ya teksi hadi uwanjani. Tanzania na nchi za Ghuba huvihesabu kuwa dawa za kulevya, na kwenye mashine ya ukaguzi hapana nafasi ya kujieleza. Maldivi hukataza kuingiza pombe, nyama ya nguruwe na sigara za kielektroniki. Mifuko ya plastiki iachwe hapa hapa kwa wanaokwenda Zanzibar.

Ukifika kisiwani na afisa akakugongea muhuri, usiondoke kaunta upesi. Fungua ukurasa, soma idadi ya siku ulizopewa, uilinganishe na tarehe ya tiketi ya kurudi, na ukiona kosa liseme pale pale, kwa upole, kabla ya mtu wa nyuma yako kusogea.